Kuchora ziwa kwa rangi za maji kwa kujifunza kutoka kwa Turner: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapokaa na watu wanaoanza rangi za maji hapa Mwanza, ziwa likiwa mbele yetu, tunaanza kwa kulipa ziwa mgongo. Naweka mezani picha ya mchoro mmoja wa mwaka 1842, tunautazama, tunaurudia kwa mikono yetu, na siku nyingine ndipo tunatoka nje. Watu hushangaa, na wana haki ya kushangaa. Maswali yao ndiyo haya, pamoja na majibu yangu.

Mchoro wenyewe ni upi?

Unaitwa "The Blue Rigi, Sunrise", yaani Rigi ya bluu jua linapochomoza. Ni kazi ya Mwingereza J. M. W. Turner. Rigi ni mlima wa Uswisi wenye karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, naye Turner aliutazama kutoka mji wa Lucerne, ziwa likiwa katikati yake na mlima. Umechorwa kwa rangi za maji kwenye karatasi ya sentimita 29.7 kwa 45, ambayo ni A3 iliyorefushwa sentimita tatu. Leo unamilikiwa na Tate, jumba la sanaa la London, lililoununua mwaka 2007 kwa pauni milioni 4.95. Sehemu ya fedha hiyo ilichangwa na watu wa kawaida, waliokaribishwa kununua mguso mmoja wa brashi kwa pauni 5.

Kilichomo ni kidogo sana. Kuna mlima, anga, maji, vyombo vichache juu ya maji, na mbele kabisa mbwa wanaoruka ziwani kuwafukuza bata. Jua lenyewe halionekani. Liko nyuma ya mlima, na picha nzima inasubiri litokeze.

Kwa nini umechagua huo, na si picha ya ziwa la kwetu?

Kwa sababu ya sampuli. Turner alikuwa amekwenda Uswisi kiangazi cha 1841, akiwa na umri wa miaka 66. Aliporudi London hakukamilisha michoro yake yote kisha akatafuta wanunuzi. Alitengeneza michoro midogo ya haraka, ndiyo sampuli ninazozisema, akampa wakala wake Thomas Griffith awaonyeshe wateja. Mteja akichagua mandhari anayoipenda, Turner ndipo aikamilishe kwa ukubwa. Mwaka 1842 alikamilisha kumi kwa mpango huo.

Sampuli ya Rigi ya bluu ipo mpaka leo, nayo iko Tate, miongoni mwa maelfu ya michoro iliyobaki kwake alipofariki mwaka 1851 na kuwa mali ya taifa. Kwa mwanafunzi hii ni bahati kubwa. Ni kama kumkuta mpishi hodari jikoni sufuria ikiwa bado haijafunikwa. Katika sampuli unaona anga, mlima na maji yamewekwa kwa tabaka chache tu, kabla ya mambo madogo kuingia. Ukiweka sampuli na kazi iliyokamilika kando kwa kando, unaona nini kilitangulia na nini kiliongezwa baadaye. Michoro mingi ya rangi za maji haionyeshi siri hiyo.

Sababu ya pili: Turner alichora mlima uleule mara tatu, kutoka mahali karibu palepale. Mbali na wa bluu, kuna Rigi nyekundu, mlima ukipigwa na jua la machweo, ambayo iko kwenye jumba la sanaa la National Gallery of Victoria, Melbourne, Australia. Kuna pia Rigi ya giza, ya asubuhi kabla jua halijachomoza. Mlima haukubadilika. Kilichobadilika ni saa. Hilo likikuingia, hutalitazama tena Ziwa Viktoria kwa macho yaleyale.

Kunakili kazi ya mtu si wizi?

Kwa mazoezi, hapana. Turner amefariki zaidi ya miaka 170 iliyopita, hivyo haki ya kazi zake haimilikiwi tena na mtu. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alijifunza kwa kunakili kazi za wengine. Wizi ni kuweka sahihi yako na kunyamaza. Andika nyuma ya karatasi kwamba ni zoezi kutoka kwa Turner, pamoja na tarehe. Kama unataka kunakili kazi ya mchoraji aliye hai, hata kwa mazoezi tu, mwombe ruhusa kabla ya kuionyesha popote.

Si bora nianze na ziwa lenyewe?

Nimejaribu kuwaanzishia watu ziwani, na niliacha. Ziwa halitulii. Mwanga unahama, upepo unavunja maji, mtumbwi unaingia na kutoka, na mtu aliyeshika brashi kwa mara ya kwanza anajaribu kuchora kila kitu kwa wakati mmoja. Mbele ya mchoro maamuzi yamekwisha kufanywa: nini kimeachwa, nini kimefifishwa, wapi karatasi imebaki nyeupe. Kazi yako ni kuyatambua maamuzi hayo.

Kwa hiyo usijipime kwa kufanana. Nakala isiyofanana sana na Turner, lakini iliyowekwa tabaka kwa mpangilio wake, imekufundisha kuliko nakala inayofanana iliyopatikana kwa kupaka na kufuta mara hamsini.

Ninahitaji vifaa gani?

Kwanza, angalizo la dukani. Ukiomba "rangi ya maji" kwenye duka la vifaa vya ujenzi utapewa ndoo ya kupaka ukuta. Nenda duka la vifaa vya shule au vya sanaa, useme unataka rangi za maji za kuchorea picha, za tyubu au za vidonge.

Kwa mchoro huu rangi tano zinatosha: bluu ya kobalti, bluu ya ultramarini, waridi iliyopoa (si nyekundu ya bendera), njano ya udongo ambayo wengi huiita oka, na kahawia ya sienna iliyochomwa. Seti ya rangi 36 itakuchanganya tu. Brashi mbili: moja nene ya duara inayobeba maji mengi na kuchongoka vizuri ikilowa, nyingine nyembamba ya mambo madogo. Ongeza makopo mawili ya maji, moja la kuoshea na moja la maji safi, sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia, tishu, kipande cha sponji, penseli ya HB, na ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi kuzuia kingo.

Fedha yako itumie kwenye karatasi.

Karatasi ina umuhimu gani hasa?

Katika rangi za maji karatasi ndiyo taa. Rangi ni kioo chembamba chenye rangi, mwanga unapita ndani yake, unagonga karatasi nyeupe na kurudi kwenye jicho lako. Weupe ule wa anga nyuma ya Rigi hautoki kwenye tyubu yoyote. Karatasi ikiwa duni, mwanga hauna pa kurudia.

Tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye ukwaruzi wa wastani. Ya pamba asilimia 100 ni ghali, lakini inakubali kulowa, kusuguliwa na sponji na kukwanguliwa bila kutoa manyuzi. Kama uwezo ni mdogo, kata karatasi moja kubwa vipande vinne, uchore nusu ya ukubwa wa Turner. Karatasi ya mashine ya fotokopi itakukatisha tamaa, na utadhani mkosaji ni wewe.

Nitumie picha ipi ya mchoro huo? Ya simu inafaa?

Inafaa kuanzia, ila ukubali kwamba rangi unazoziona si za kweli kabisa. Fungua picha hiyohiyo kwenye simu mbili na utaona bluu mbili. Chukua ile inayotolewa na jumba lenyewe la makumbusho, isiyokwisha kuchezewa, na uache mwanga wa simu mahali pamoja muda wote wa kazi. Ukipata chapa nzuri ya karatasi ni bora zaidi, maana inaangazwa na taa ileile inayoangaza mchoro wako.

Kuna jambo jingine wachache hulifikiria. Turner alipenda baadhi ya rangi zinazopauka kwa jua, na baadhi ya kazi zake hazina tena waridi na wekundu aliouweka. Usijiumize kutafuta bluu "sahihi". Shughulika na uhusiano: nini ni kizito kuliko nini, nini ni cha moto na nini ni cha baridi.

Nitazame nini kabla ya kushika brashi?

Jipe nusu saa nzima ya kutazama. Najua ni ngumu, vijana wangu hupumua kwa nguvu wakiambiwa hivyo, lakini hapa ndipo mchoro unapofanyika.

Anza kwa kufumba macho nusu. Vitu vidogo vitapotea, yabaki mafungu makubwa: anga yenye mwanga, mlima mzito kiasi, maji yenye mwanga tena, na vipande vichache vyeusi karibu nawe. Kisha geuza picha kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa jinsi mlima ulivyo mwepesi! Watu huuchora kuwa mweusi kwa sababu wanajua mlima ni kitu kikubwa na kigumu. Turner ameuacha kama pumzi, akaweka weusi wake wa kweli kwenye vyombo na vitu vya mbele, vidogo kama mbegu. Weusi ule mdogo ndio unaousukuma mlima kilomita kadhaa nyuma.

Baada ya hapo tafuta kingo. Fuata kwa kidole ukingo wa mlima kuanzia kileleni kushuka. Kileleni, penye mwanga nyuma yake, ukingo ni mkali. Ukishuka kuelekea majini unayeyuka kwenye ukungu, mpaka hujui mlima umeishia wapi na ziwa limeanzia wapi. Jiulize kwa nini. Ukungu wa asubuhi hulala juu ya maji, ndiyo sababu. Naye mchoraji amekubali kutokuchora kile ambacho jicho halikukiona.

Mwisho chora michoro mitatu ya penseli, kila mmoja ukubwa wa kiberiti, kwa vivuli vitatu tu: cheupe, cha kati, kizito. Pima kwa rula mstari wa maji uko wapi kwenye chapa yako, na kilele kiko wapi. Ukikosea hapo hakuna rangi itakayokuokoa.

Hatua zenyewe zinafuatana vipi?

Nitaeleza ninavyofanya mimi, nikifuata sampuli kwanza.

Bandika karatasi kwenye ubao kwa tepu pande zote nne. Chora kwa penseli nyepesi sana mstari wa maji, umbo la mlima na mahali pa vyombo viwili vitatu. Usichore kingine. Inua ubao upande wa juu kwa kitabu kimoja ili rangi iteremke taratibu.

Tabaka la kwanza ni la joto. Lowesha karatasi yote kwa maji safi, mpaka ing'ae bila kutengeneza madimbwi. Changanya oka na maji mengi, iwe kama chai ya rangi iliyozimuliwa, uiweke angani nyuma ya kilele ambako jua linakuja, kisha weka kidogo majini chini yake moja kwa moja. Iache ififie yenyewe pande zote. Ongeza waridi hafifu pembeni mwa njano hiyo. Sasa weka brashi chini na uondoke. Karatasi ikauke kabisa. Gusa kwa mgongo wa kiganja, na kama bado ni ya baridi, haijakauka.

Tabaka la pili ni bluu ya anga. Anzia juu kabisa kwa kobalti, shuka ukiizimua kwa maji, na kabla hujafika kwenye njano iwe imeshakuwa maji matupu. Rudia vilevile kwenye maji ya ziwa, safari hii ukianzia chini na kupanda.

Tabaka la tatu ni mlima. Changanya kobalti na waridi kidogo, upate bluu inayoelekea zambarau. Paka umbo lote kwa mara moja, kuanzia kileleni, brashi ikiwa imejaa. Ukifika karibu na maji, osha brashi, uikamue, na kwa unyevu wake uyeyushe ukingo wa chini. Usirudi juu kurekebisha. Rangi ya maji ikikauka hupauka, kwa hiyo iweke nzito kidogo kuliko unavyotaka uione. Ikikauka unaweza kuongeza tabaka la pili kwenye mabonde ya mlima, na la tatu ukipenda.

Katika kazi iliyokamilika Turner alikwenda mbali zaidi ya hapo. Juu ya tabaka hizo alipitisha mamia ya miguso midogo ya brashi nyembamba, mstari kando ya mstari, mpaka mlima ukatetemeka kwa mwanga. Mwanzoni usiguse huko. Ukishafanya nakala tatu nne za sampuli, chagua sehemu ndogo kama kiganja cha mkono, ufanye zoezi hilo peke yake.

Mwisho kabisa weka vyombo na vitu vya mbele kwa ultramarini iliyochanganywa na sienna, ambayo hutoa weusi wenye uhai. Miguso michache, brashi ikiwa na maji kidogo.

Kwa nini anga yangu inageuka kijani?

Njano yako ilikuwa bado mbichi bluu ilipofika. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa kijani kibichi kama mgomba, na niliichana. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni subira: kiangazi hapa Mwanza tabaka hukauka kwa dakika chache, lakini wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, linaweza kukuweka nusu saa, na draya ya nywele ikishikwa mbali kidogo husaidia. Ya pili ni waridi. Tabaka hafifu la waridi kati ya njano na bluu huzuia kijani kisizaliwe, na ndilo linaloipa alfajiri ule uzambarau wake. Tazama anga ya Turner tena, utaliona limejificha hapo katikati.

Maji yangu yanaonekana kama ukuta wa bluu. Nakosea wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linabadilisha namna mtu anavyotembea ufukweni.

Maji yaliyotulia hayana rangi nyingi ya kwao. Yanaazima. Ukiyapaka bluu kwa sababu maji ni bluu, umechora kitabu cha shule ya msingi. Chora kile yanachokiona: anga, mlima, chombo.

Taswira ya kitu majini hushuka wima moja kwa moja chini ya kitu chenyewe, na si pembeni hata jua likiwa pembeni. Kitu cheusi, taswira yake majini huwa nyepesi kidogo kuliko chenyewe. Kitu cheupe, taswira yake huwa nzito kidogo. Kwa hiyo tofauti kati ya mwanga na giza majini ni ndogo kuliko nchi kavu. Viwimbi vidogo huirefusha taswira kuja kwako. Upepo ukigusa sehemu moja ya ziwa, mahali hapo hupoteza taswira na kubaki ukanda mwembamba wa mwanga wa anga, uliolala kabisa. Kanda mbili tatu za namna hiyo zinatosha kulilaza ziwa chini. Ukanda ukiinama hata kidogo, ziwa zima linamwagika.

Na jambo moja zaidi: maji ya mbali, unayoyatazama kwa pembe ndogo, hurudisha mwanga wa anga karibu wote, ilhali ya miguuni pako hurudisha kidogo, ukaanza kuona kina chake. Ndiyo maana ziwa huwa zito likikaribia ukingo wa chini wa karatasi. Ukifanya upande wa chini uwe mzito na wa mbali uwe mwepesi, ukuta wako utageuka kuwa ziwa.

Miguso ya mlalo iwe michache. Nimeona michoro mingi mizuri ikifa kwa mawimbi mia moja yanayofanana.

Yanatokea madoa yenye kingo zilizochongokachongoka. Ni nini?

Umeongeza tone la maji au rangi nyepesi kwenye tabaka lililoanza kukauka. Maji mapya husukuma rangi iliyopo mpaka ikusanyike ukingoni. Sheria ni hii: karatasi ikiwa inang'aa, unaweza kuongeza, mng'ao ukishapotea, usiiguse mpaka ikauke. Doa likishatokea, subiri likauke, ulilainishe kwa sponji yenye unyevu. Likiwa kwenye ukungu chini ya mlima, liache, huenda limekusaidia.

Karatasi inajikunja.

Ni nyembamba, au hukuibandika vizuri. Ya gramu 300 iliyobandikwa pande zote hunyooka yenyewe ikikauka.

Naruhusiwa kutumia nyeupe na nyeusi za tyubu?

Hakuna polisi wa rangi za maji. Lakini kwa zoezi hili nakuomba uziache. Nyeusi ya tyubu hutoboa shimo kwenye mchoro mwepesi namna hii. Nyeupe ya tyubu huwekwa juu ya karatasi, wakati mwanga wa alfajiri hii unatoka ndani yake. Kama ulisahau kuacha weupe, jifunze kuurudisha, kama ifuatavyo.

Weupe unarudishwaje?

Kwa brashi yenye unyevu: lowesha sehemu, subiri kidogo, kamua brashi na uifyonze rangi, kisha gusa kwa tishu. Kwa sponji, unapata ukungu. Kwa ncha ya wembe, unakwangua karatasi yenyewe mpaka weupe utokeze, na hivi ndivyo unavyopata kumeta kwa maji au rasharasha za mbwa anayeruka. Turner alikwangua sana, na alijulikana kwa kucha yake ndefu ya kidole gumba aliyoifanya chombo cha kazi.

Usikwangue kabla karatasi haijakauka kabisa, na usipake tena rangi mahali ulipokwangua, maana patafyonza na kuwa doa. Wembe uwe wa mwisho.

Lazima nichore mbwa na bata?

Kwenye nakala ya sampuli, hapana. Kwenye nakala ya kazi iliyokamilika, jaribu. Alfajiri ile imetulia kiasi kwamba ingeweza kulala usingizi, na vurugu ndogo ya mbwa ndiyo inayokufanya usikie ukimya uliobaki. Waweke kwa miguso minne mitano. Ukianza kuchora masikio, umepotea.

Itachukua muda gani?

Nakala moja ya sampuli ni asubuhi moja, kwa sehemu kubwa ukisubiri ikauke. Ninashauri nne kabla ya kutoka nje: ya kwanza utajua hatua, ya pili utarekebisha maji, ya tatu itaharibika, ya nne utaanza kufurahi.

Niende ziwani lini, na nikae upande gani?

Hapa jiografia ina neno. Mpangilio wa Rigi ya bluu ni jua nyuma ya nchi ya ng'ambo, mwanga ukija kwako juu ya maji. Bukoba unaupata asubuhi, kwa sababu mji unalitazama Ziwa Viktoria upande wa mashariki. Aliyeko Kalemie, Kongo, anaupata asubuhi pia, jua likitokea upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika. Kigoma na Bujumbura wanaupata jioni, milima ya Kongo ikigeuka bluu tabaka juu ya tabaka. Hapa Mwanza nasi tunaupata jioni, jua likizama ng'ambo ya ghuba upande wa Kamanga, karibu saa moja. Asubuhi yetu ni nyingine: jua liko mgongoni, linapiga mawe ya ziwani upande unaokutazama, na Jiwe la Bismarck huwaka kama Rigi nyekundu. Kwa hiyo amua kwanza unafuata Rigi ipi, ndipo uamue saa ya kuamka.

Kuna tofauti moja Turner hakuwa nayo. Lucerne iko nyuzi 47 kaskazini mwa ikweta, na huko jua hupanda kwa mshazari, alfajiri ikajivuta. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, jua hupanda na kushuka karibu wima, na ule mwanga wa bluu haufikishi nusu saa. Huwezi kukamilisha mchoro ndani yake. Fanya alivyofanya Turner: papo hapo chukua penseli, maelezo machache ya rangi, na kipande kimoja cha rangi ukubwa wa kadi. Mchoro wenyewe uufanye nyumbani siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapoa. Kadi kumi za ziwa lilelile katika saa tofauti zitakufaa kuliko mchoro mmoja mkubwa uliolazimishwa.

Kaa mahali pa juu kidogo kama unaweza, uone maji yamelala. Kama uko mwaloni wavuvi wa dagaa wakirejea alfajiri, wasalimie kabla ya kufungua daftari. Hapo ni kazini kwao. Mitumbwi yao itachukua nafasi ya vyombo vya Lucerne bila shida, vipande vyeusi vidogo vinavyorudisha mbali kila kitu kilicho nyuma yao.

Nakala zangu nizifanyie nini?

Andika nyuma tarehe, rangi ulizotumia, na kosa moja uliloliona. Zihifadhi bapa kwenye faili, mbali na unyevu na jua la dirishani. Unapotoka ziwani na kadi zako, zitandaze mezani pamoja nazo, utafute ni kadi ipi inayoweza kufuata tabaka zilezile: joto kwanza, bluu baadaye, mlima au kisiwa juu yake, weusi mwisho. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja alifanya hivyo na kadi ya Kisiwa cha Saanane aliyoichora jioni, mvua ikikaribia. Hakupaka oka kabisa. Alianza na waridi na kijivu, kwa sababu ndivyo anga ilivyokuwa jioni ile.